MAMA, ANZA PALE PUMZI YAKO INAPOISHIA

Jumapili moja baada ya ibada tulipanga kwenda kumjulia hali mwenzetu wa kwaya aliyekuwa ametoka hospitalini. Alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 47. Anaishi hapa hapa kwetu Kirumba, juu mlimani, katika zile nyumba zilizojengwa katikati ya mawe makubwa, mahali ambapo gari halifiki na pikipiki nayo huishia njiani. Tulikuwa wanawake 8. Mmoja alibeba mchele na sukari, mwingine sabuni, mwingine sato wawili aliowanunua Mwaloni. Sisi wauguzi tulikuwa wawili, nasi tulichukua kipimo cha presha.

Hatukufika hata nusu ya mlima. Wa kwanza alisimama akasema anataka kulitazama ziwa. Wa pili akasema kweli, ziwa leo linapendeza. Haikupita dakika moja wote 8 tulikuwa tumesimama, tumeegemea mawe, tunalitazama ziwa ambalo tumeliona tangu utoto wetu. Hakuna aliyeongeza neno, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusemea. Binti wa miaka kama 10 akatupita na ndoo ya maji kichwani. Kwa adabu akatuamkia, "Shikamooni." Tukashindwa hata kumwitikia. Tulimpungia mkono tu, naye akaendelea kupanda.

Tulimkuta mwenzetu ameketi mkekani, mkono wa kulia umelala mapajani. Tuliomba naye, tukanywa chai, tukazungumza. Baada ya kukaa zaidi ya nusu saa, ili mapigo ya moyo yatulie, tulianza kupimana presha, tukianza na mgonjwa kisha sisi wenyewe. Kati yetu 8, wanne tulikuwa na presha ya 140 kwa 90 au zaidi. Mmoja wa hao wanne alikuwa muuguzi. Wawili hawakuwahi kupimwa tangu walipohudhuria kliniki ya mtoto wao wa mwisho, ambaye sasa yuko sekondari.

Mwenzetu alituangalia mmoja mmoja, kisha akasema kwa ulimi uliokuwa bado mzito, "Jamani, msinifuate."

Ndiyo sababu ya makala haya. Hatuandiki kama mabingwa wa michezo. Tunaandika kama wanawake wa makamo waliokuwa hawawezi kupanda mlima wa kwao wenyewe, wakaanza mazoezi, wakakosea, wakaanza tena.

KAZI TUNAFANYA USIKU NA MCHANA, MAZOEZI YA NINI?

Hilo ndilo jambo la kwanza tulilosema, na bila shaka nawe msomaji umeshalisema moyoni. Mama huamka kabla ya jogoo, hufagia, hufua, hupika, huhudumia watoto, huenda kazini au sokoni, hurudi na kuanza tena. Ana haja gani ya kukimbia barabarani?

Jibu lake linategemea kazi yenyewe. Mama anayebeba matenga ya dagaa pale Mwaloni kuanzia alfajiri, au anayelima kwa jembe la mkono kule Magu na Kwimba, mwili wake unafanya kazi kweli kweli. Lakini tulipojitazama sisi 8 tuliona jambo jingine. Wawili tulikuwa wauguzi, mmoja mwalimu, mmoja fundi cherehani, wawili wenye maduka, mmoja karani, na mmoja wa kuuza chakula ambaye siku hizi ameajiri wasichana wa kupika na yeye hukaa kupokea fedha. Maji tunakinga bombani uani. Sokoni tunapanda daladala au bodaboda. Jioni tunachoka sana, lakini ni uchovu wa kukaa, wa kusimama mahali pamoja na wa mawazo. Moyo haukupata kazi yoyote. Uchovu si mazoezi, akina mama. Hilo lilituchukua muda kulikubali.

Bibi zetu wa Usukumani hawakuhitaji mtu wa kuwaambia wafanye mazoezi. Walitembea kwenda kisimani, kutafuta kuni, mnadani na kusalimia ndugu, na baada ya mavuno walicheza ngoma za Wagalu na Wagika mpaka vumbi likapanda. Hata leo, watafiti waliowapima Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, waliona kwamba hutumia zaidi ya saa 2 kila siku katika mwendo unaochangamsha moyo, na hata wazee wao ni wachache wenye presha.

Kwa upande mwingine wa dunia, mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa katika basi moja na mji mmoja. Lakini madereva, waliokaa kutwa nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Wakati huo wengi hawakufikiri kwamba kupanda ngazi tu kungeweza kumlinda mtu.

Hapa nyumbani, uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu. Waliokuwa na uzito uliozidi, wengi walikuwa wanawake. Kwa hiyo wanne wetu kati ya 8 hawakuwa ajabu. Ajabu ni kwamba hatukujua.

TULIVYOANZA VIBAYA

Tulirudi nyumbani na hofu, na hofu ina haraka. Tulikumbushana kwamba mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Tukasema, sisi tutafanya kila Jumamosi! Jumamosi iliyofuata, saa 12 asubuhi, tulikutana karibu na uwanja wa CCM Kirumba, ambako vijana huja kukimbia. Tukaanza kukimbia kama wao.

Akina mama, tuliona nyota mchana. Mmoja alitapika kando ya barabara. Mwingine alishikwa na goti mpaka akarudi nyumbani kwa bajaji. Kesho yake kanisani, kiongozi wa ibada aliposema tusimame tuimbe, safu yetu nzima ilinyanyuka kwa kushikana mabega, na vijana wa kwaya wakacheka. Jumamosi ya pili tulikuja 5. Ya tatu tulikuja 3. Mwalimu wetu, mwenye umri mdogo kuliko sote, hakurudi wala hakusema sababu. Tuliijua baadaye, nasi tutaieleza hapa chini kwa ruhusa yake.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulianza kwa pumzi ya watu wengine. Kijana wa miaka 20 anayecheza mpira kila siku ana moyo uliokwisha kuzoea. Moyo ni msuli. Msuli usiotumika hudhoofika, na ukizoezwa polepole hupata nguvu, ukaweza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Miguu nayo hupata vishipa vidogo vipya vya damu na kujifunza kutumia vizuri hewa inayoletewa. Mabadiliko hayo huanza kuonekana baada ya wiki chache. Lakini kano na viungo, kama vile magoti na vifundo, huchelewa zaidi kuimarika. Ndiyo sababu mtu anayeanza kwa pupa huumia goti hata kabla moyo haujanufaika. Wahenga hawakukosea: mwenda pole hajikwai.

KABLA HUJAANZA

Sisi wauguzi tuliona aibu kwamba tuliwapeleka wenzetu barabarani bila kufuata yale tunayowaambia wagonjwa. Mara ya pili tulifuata utaratibu, nao ni huu.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapime presha na sukari. Presha ikionekana juu mara moja, usifadhaike. Rudi kupima siku nyingine, maana hofu, haraka na hata mlima vyaweza kuipandisha. Kati ya wale wanne wetu, mmoja alipopimwa tena siku mbili tofauti alionekana yuko sawa. Watatu walihitaji matibabu.

Kama unatumia dawa za presha, endelea nazo. Mazoezi husaidia dawa, hayachukui nafasi yake bila daktari kusema. Kama presha yako iko juu sana, subiri ishuke kwa dawa kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwulize daktari kuhusu muda wa kula na kutembea, achukue kitu chenye sukari mfukoni endapo atatokwa na jasho jembamba na kutetemeka, na akague nyayo zake kila arudipo. Mama mjamzito mwenye afya njema anaweza kutembea, na kutembea kunamfaa, lakini aulize kwanza kliniki. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri mpaka kidonda kipone na daktari amruhusu. Kwa kawaida ni baada ya wiki 6 au zaidi.

Simama mara moja na utafute msaada ukipata maumivu au kubanwa kifuani, hasa yakienda begani, mkononi au tayani. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Moyo kwenda mbio ovyo. Au kukosa pumzi isiyorudi hata ukipumzika. Maumivu ya misuli siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo, au mguu mmoja kuvimba, si ya kawaida.

KIPIMO CHA PAMBIO

Watu wengi hutuuliza, nitembee kwa kasi gani? Hatuna saa za kisasa za kuhesabu mapigo. Sisi tunatumia kinywa. Ukiwa unatembea, jaribu kuimba pambio. Ukiweza kuimba lote bila kuhema, unatembea mno kama uko sokoni unachagua nyanya, ongeza hatua. Ukishindwa kuimba lakini unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima, hapo ndipo hasa panapotakiwa. Na kama mzee akikusalimu "Mwangaluka" ukashindwa kumjibu, umezidisha, punguza.

Kipimo hiki kinatumiwa hata na wataalamu, na uzuri wake ni kwamba kila mtu anapimwa kwa pumzi yake mwenyewe. Mwenye kilo 100 na mwenye kilo 60 wanaweza kwenda kasi tofauti na wote wakawa sahihi. Katika kundi letu tuliweka sheria kwamba anayetembea polepole kuliko wote ndiye atangulie mbele. Siku tuliyoweka sheria hiyo, waliokata tamaa wakaanza kurudi.

RATIBA YETU YA WIKI 12

Wiki ya 1 na ya 2: Tembea dakika 10 tu, siku 3 kwa wiki, mahali tambarare. Sisi tulitumia ukingo wa barabara iendayo uwanja wa ndege, upande ambao tuliyaona magari yakija mbele yetu. Ukirudi nyumbani ukasema, "Hiki nacho ni kitu?" umefanya vizuri. Lengo la wiki hizi ni kuzoea kutoka nyumbani.

Wiki ya 3 na ya 4: Dakika 15, siku 4 kwa wiki.

Wiki ya 5 hadi ya 8: Dakika 20 mpaka 25, siku 5 kwa wiki. Katikati ya safari, tembea haraka dakika 1, kisha polepole dakika 2, urudie mara 4 au 5.

Wiki ya 9 hadi ya 12: Dakika 30, siku 5 kwa wiki. Siku moja kati ya hizo panda kilima kidogo, ukipumzika kila unapohitaji.

Hesabu ya mwisho ni dakika 150 kwa wiki. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitaja tena katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kwa watu wazima. Mwongozo huo unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na kwamba dakika chache chache zikijumlishwa zinahesabika. Mama ambaye hawezi kupata nusu saa kwa pamoja atembee dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mara 2 kwa wiki tuliongeza mazoezi ya nguvu, ambayo yanafanyika nyumbani bila kifaa chochote. La kwanza: kaa kwenye kiti imara, simama, kaa tena, mara 8 hadi 10, bila kujisaidia kwa mikono kama unaweza. La pili: simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, kisha jisukume urudi. La tatu: shika fremu ya mlango, jiinue kwa vidole vya miguu, shuka taratibu. Watoto wetu walidhani ni mchezo, wakaanza kutuhesabia kwa sauti.

Ukiugua, ukifiwa au ukisafiri na kukosa wiki nzima, usijihukumu. Rudi nyuma wiki moja katika ratiba, endelea kutoka hapo. Sisi wiki zetu 12 zilichukua karibu miezi mitano.

Nenda asubuhi au jioni, kabla jua la Mwanza halijawa kali, na kunywa maji. Usiende peke yako gizani. Viatu viwe vya raba vyenye soli nene. Tulivipata mitumbani kwa bei tunayoimudu, na ndala tuliziacha nyumbani. Na kwa kuwa mmoja wetu alipendekeza tuogelee ziwani, tunasema wazi: kuogelea ni mazoezi mazuri sana, lakini maji ya kingo za ziwa letu yana kichocho. Tembea kandokando yake, usiingie.

MAMBO AMBAYO HATUYASEMI HADHARANI

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Siku ile ya kwanza tulipokimbia, alihisi mkojo umemtoka. Ana watoto wanne. Alirudi nyumbani akalia, akaamua hatatoka tena. Alipotueleza, akina mama wawili wengine walisema hata wao hutokewa na hayo wakikohoa au wakicheka, na kwamba walidhani ndio uzee.

Mama, si uzee, wala si aibu. Mimba na uzazi hulegeza misuli iliyo chini ya nyonga inayoshikilia kibofu. Misuli hiyo nayo ina mazoezi yake. Kaa au lala, kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kukaza tumbo wala makalio, na bila kuzuia pumzi. Hesabu mpaka 5, legeza, pumzika, rudia mara 8 hadi 10. Fanya hivyo mara 3 kila siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Hakuna anayekuona, unaweza kufanya ukiwa kwenye daladala. Wakati huo tembea badala ya kukimbia na kuruka. Mwalimu alianza hivyo, na baada ya miezi kadhaa alitamba mbele yetu kwamba amepiga chafya mara tatu na hakuna kilichotokea.

Lakini kama mkojo unavuja wakati wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo yaweza kuwa fistula, na mazoezi hayaiponyi. Inatibiwa kwa upasuaji, na Bugando, hapa Mwanza, imekuwa ikiwasaidia wanawake wenye fistula kwa miaka mingi. Usijifiche.

Jambo la pili ni mavazi. Suruali ya michezo na kitenge juu yake, au gauni pana linaloruhusu hatua, vyote vinafaa. Sidiria iwe ya kushika vizuri, maana maziwa yasiposhikwa huuma na kumfanya mama atembee ameinama.

Jambo la tatu ni midomo ya watu. Kwetu unene umekuwa ushahidi kwamba mume anakutunza. Kukonda kumekuwa ushahidi wa jambo jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili, na Waganda waliuita ugonjwa ule "Slim", kwa maana ya kukonda. Sisi wa umri wa miaka arobaini na kitu tulikua tukiwasikia wakubwa wakinong'ona kila mtu alipopungua. Leo wenye virusi wanaotumia dawa vizuri wananenepa, wanafanya kazi na wanafanya mazoezi pia, lakini minong'ono haijaisha. Mmoja wetu mwenye duka alipungua kilo 6, na jirani akaenda kumwuliza mama mkwe wake kama kuna tatizo. Mama mkwe alijibu, "Tatizo lipo. Ananishinda kutembea."

Ushauri wetu ni kwamba usifuate kukonda. Wengine hupungua, wengine hawapungui, na mwili wa mama aliyezaa hauna haja ya kurudi kuwa wa msichana. Moyo, presha na sukari hunufaika hata kama mzani haujasogea. Jiulize swali moja tu: kile kilichonikata pumzi mwezi uliopita, leo kinanikata pumzi?

BABA WATOTO ANASEMAJE?

Waume zetu hawakupokea jambo hili kwa namna moja. Mmoja aliuliza, "Umri huu unataka kumpendezea nani?" Mke wake hakubishana. Alimwonyesha kadi yake ya presha, akamweleza habari za mwenzetu wa mlimani, kisha akamwomba amsindikize siku moja. Siku hizi baba huyo hutembea nyuma yetu kila Jumamosi, hatua kama 20 nyuma, akijifanya hatujui. Mwingine aliamua kwamba siku za mazoezi yeye ndiye atakayewapikia watoto uji. Uji wa kwanza ulikuwa na madonge; mama akanyamaza, akanywa. Kinyongo cha asubuhi kingeharibu zaidi kuliko madonge.

Wapo pia waliotukumbusha yale Mtume Paulo aliyomwandikia Timotheo, kwamba faida ya mazoezi ya mwili ni ndogo ikilinganishwa na ya utauwa. Tuliwajibu kwa upole kwamba hatubishi. Lakini sisi hata hiyo ndogo hatukuwa nayo. Na mtu atapanda vipi mlima kumtembelea mgonjwa kama hana pumzi?

Kuhusu chakula tutaandika siku nyingine. Kwa leo tunasema tu: punguza soda, punguza mafuta, na punguza chumvi, hasa ya kuongeza mezani na iliyomo katika kayabo. Kwa mtu mzima, chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kidogo kimoja cha chai.

MLIMA ULE ULE

Hatutaki kukudanganya, msomaji. Kati yetu 8, mmoja aliacha kabisa na hatujaweza kumrudisha, tunaendelea kumpitia. Watatu wenye presha bado wanatumia dawa, ingawa mmoja daktari amempunguzia. Muuguzi mmoja amepungua kilo 2 tu kwa miezi yote hiyo. Hakuna aliyeshiriki Rock City Marathon, zile mbio zinazofanyika katika mji wetu tangu mwaka 2009, ingawa fundi cherehani amekwisha kuanza kuulizia za umbali mfupi.

Mwenzetu wa mlimani naye ana mazoezi yake aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo hospitalini. Kila siku hufungua na kufunga vidole, hunyanyua mkono kwa kusaidiwa na ule mzima, na hutembea uani akishika kamba ya kuanikia nguo. Alituambia kwamba siku ya kwanza alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye jiwe, hatua 6, na kwamba zilimchosha kuliko mkesha wa Krismasi. Ndiyo maana tunasema kila mtu aanze pale pumzi yake inapoishia. Ya kwake iliishia kwenye jiwe lile. Sasa anafika kwa jirani.

Mwezi uliopita tulipanda tena kwenda kumwona, wote 7. Tulipumzika mara mbili, na mara hizo tulikiri kwamba tunapumzika, hatukusingizia ziwa. Karibu na juu tulisikia hatua nyuma yetu. Alikuwa yule yule binti na ndoo yake.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba, mwanangu, hujambo? Shule vipi? Mama hajambo?"

Alitushangaa kidogo kwa maswali mengi. Kisha akatupita.